Fuso Uani, Maharage Moterini

Mwenzangu, ikiwa umewahi kuwa na mke, mamamkwe, watoto na gari bovu ndani ya ua mmoja kwa wakati mmoja, sogeza kiti tuongee. Huku kwetu Pinga, Masisi inapoishia na Walikale inapoanzia, lori likifa halipelekwi gereji. Vijana wa mtaa wanalisukuma mpaka uani kwa mwenyewe, linawekewa mawe chini ya magurudumu, na kuanzia saa hiyo nyumba nzima inageuka mafundi. Kuku wanalala chini yake, nguo zinaanikwa kwenye bodi, wageni wanakaribishwa kivulini mwake. Mwenye gari anaomba njia apite.

Gari ni Fuso ya miaka mingi, na nusu ya bei yake ilitoka kwenye ng'ombe wa mamamkwe wangu. Kwa hiyo haishikwi spana bila yeye kujulishwa. Mbele yake namwita Mama, kwa heshima zote, macho chini. Huku pembeni, mimi na wewe, anaitwa Mama Barieri. Hakipiti kitu mlangoni pake bila kusimamishwa, kufunguliwa na kuulizwa kinakwenda kwa nani. Mwaka 2017 watafiti wa shirika la IPIS la Ubelgiji walihesabu vizuizi vya barabarani 798 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Wangefika kwetu jioni, saa ya mtu kurudi na mkate kwapani, wangeandika 799.

Mke wangu ni bintiye kweli, ila yeye ni Mama Kufuli. Katika AVEC yao, kile kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, kasha la pesa lina kufuli tatu na funguo zake zinashikwa na watu watatu tofauti. Ufunguo mmoja anao yeye, umefungwa kwenye pindo la kitenge, na hata usingizini mkono wake uko hapo. Binti yetu mkubwa ni Sekretere. Huyo ukikohoa anaandika. Mdogo wa mwisho ni Sumaku, kwa sababu chuma chochote kilicho chini ya futi tatu kutoka ardhini hatimaye kinakutwa mfukoni mwake. Halafu yuko ndugu wa mke wangu, Shemeji Hakuna-Shida. Mwambie nyumba inaungua, atakujibu hivyo hivyo na kuuliza kama chai ipo.

Basi ilikuwa Mei 2021, siku chache baada ya serikali kutangaza utawala wa dharura wa kijeshi katika Kivu Kaskazini na Ituri. Nilikuwa narudi na chumvi, sabuni na saruji. Kutoka Goma mpaka kwetu ni kilomita zipatazo 150, unapita Sake, Kilolirwe, Kitchanga, Mweso, Kashuga, Kalembe. Kwenye karatasi ni safari ya asubuhi moja. Chini, kwenye udongo wenyewe, mvua ikishanyesha, mtu anaweza kula, kulala na kuamka ndani ya shimo moja, akingoja vijana wenye makoleo wapatane bei. Nilipoanza kupanda baada ya Mweso, mshale wa joto ukapanda nami. Nikasimama, nikaongeza maji, nikaenda, nikasimama. Moshi mweupe ukatoka nyuma. Nilipochomoa kijiti cha kupimia mafuta, mafuta yalikuwa yamepauka na kuwa mazito. Maji yalikuwa yameingia mahali pasipo pake.

Fundi wetu ni binamu wa mke wangu, tunamwita Polepole. Anafanya kazi kwa kunyamaza. Alizunguka gari, akanusa moshi, akapapasa rejeta, akaketi. Baada ya muda mrefu akasema gasketi ya kichwa cha moteri imeungua, kichwa kifunguliwe. Mama Barieri akauliza itagharimu nini. Polepole akanyamaza tena.

Tukafungua. Hapa nimsifu Sekretere, maana mtoto huyu ana akili ya kupanga. Alichukua katoni ya sabuni, akachora juu yake umbo la kichwa cha moteri na mashimo yote, akayapa namba. Kila bolti iliyotoka aliichomeka kwenye shimo lake la katoni. Mafundi wazuri wanafanya hivyo, kwa sababu mara nyingi bolti haziwi na urefu mmoja, na kila moja imezoea mahali pake. Katoni ile ikawekwa juu ya meza ya sebuleni. Mama Barieri akasema meza ni ya chakula, ikahamia chini ya kitanda. Sumaku huingia chini ya kitanda kila siku kutafuta paka. Asubuhi iliyofuata mashimo mawili ya katoni yalikuwa wazi.

Tulitafuta. Tulichunguza kuku, tulichunguza majivu. Bolti zilipatikana mwishowe kwenye chukudu. Wewe wa mbali ujue chukudu ni kigari chetu cha mbao cha magurudumu mawili, kinachobeba viazi, makaa na magunia ya watu huku Kivu, chenye heshima kiasi cha kujengewa sanamu Goma. Sumaku alikuwa anajitengenezea ya kwake ndogo, akakosa mhimili wa gurudumu, akaona chini ya kitanda kuna vyuma vinene vilivyonyooka na havina mtu. Nilipomwambia arudishe, bibi yake akasema mtoto anajifunza kazi, asivunjwe moyo, apewe kwanza vyuma vingine. Nikatembea senta nzima kutafuta vyuma vya chukudu ili nikomboe bolti za Fuso.

Sasa tufike kwenye mgogoro wenyewe. Mimi nilikuwa na msimamo tangu siku ya kwanza: bolti za kichwa zinunuliwe mpya pamoja na gasketi. Nitakueleza kwa nini, maana jambo hili wenye magari wengi tunalipitisha juu juu. Bolti ya kichwa cha moteri haishikilii kwa ugumu wake tu. Ukiikaza, inavutika kidogo, na ule mvuto wa kutaka kurudi ndio unaobana kichwa, gasketi na bloku pamoja, wakati ndani mafuta yanalipuka na joto linapanda na kushuka. Ikivutwa kwa kiasi, inarudi urefu wake ikifunguliwa. Ikivutwa kupita kiasi inabaki imerefuka, na ukiifunga tena haina mvuto wa zamani. Zipo moteri zinazofungwa hivyo makusudi kiwandani: bolti inakazwa mpaka nguvu fulani, halafu inazungushwa digrii zaidi, labda 90, mpaka chuma kifike ukingoni mwa uwezo wake. Bolti za namna hiyo maisha yake yana hesabu.

Si bolti zote. Za karita, ile beseni ya mafuta chini ya moteri, za mfuniko wa valvu, za kushikilia pampu ya maji, hizo zisafishe, zikague nyuzi, zirudishe bila wasiwasi. Mtu anayekuambia ununue kila bolti ya gari anataka pesa zako. Lakini za kichwa, na zile za mikono ya pistoni kule chini, hazifai kuonewa huruma. Ya mkono wa pistoni ikikatika, mkono unatoboa bloku, na hapo huna gari tena. Na Fuso hizi kubwa breki zake zinasaidiwa na hewa inayojazwa na moteri. Moteri ikizima kwenye mteremko na mzigo umejaa, umebaki na hewa iliyomo ndani ya mitungi tu.

Nilisema hayo yote jioni, mbele ya baraza la familia, tumezunguka moto. Mama Barieri akaomba bolti moja. Akaigeuza, akaigonga kwenye jiwe, ikalia vizuri.

"Chuma hiki ni kizima," akasema. "Mkwe wangu, kitu kizima kinatupwaje?"

Polepole, ambaye huwa hasemi, akajitosa kunisaidia. "Mama, ni mpira wa sketi huo. Ukiuvuta sana, unabaki pale, lakini sketi inaanguka."

"Mpira ukilegea nauona kwa macho. Haya, nionyeshe ulegevu wa hii."

Na kwa haki, tusingeweza. Kuonyesha kunataka bolti mpya uiweke kando ya ile ya zamani upime urefu, au kalipa ya kupima kama shingo imekonda, na hatukuwa na mpya wala kalipa. Shemeji Hakuna-Shida akaongeza la kwake: hata zile zikikatika, yupo mhunzi ng'ambo ya soko anayechonga bolti kutoka nondo. Nilisimama. Nikaeleza kwamba bolti nzuri ina namba kichwani, kwa mfano 10.9. Ile 10 inasema chuma kinavumilia megapaskali 1,000 kabla ya kukatika, na ile 9 inasema kitaanza kurefuka bila kurudi kikifika asilimia 90 ya hapo. Nondo ya kujengea nyumba haijapewa kazi hiyo na haiwezi. Mke wangu akauliza kama nimemaliza, kwa sababu sombe inaungua. Kura ikapigwa. Shemeji atumwe Goma kununua gasketi, gasketi tu. Pesa ya bolti ikakatwa kwenye bajeti na kuhamishiwa kwenye mabati ya jiko.

Nilikubali. Mwenye nyumba ananielewa.

Shemeji akaondoka kwa pikipiki mpaka Mweso, aunganishe na gari huko. Nyuma yake ikabaki kesi ya sufuria. Polepole alikuwa ameziloweka bolti ndani ya mafuta ya taa ili kutu na masizi vilegee, na sufuria aliyoichukua ilikuwa kubwa ya mke wangu, ile ya misiba na ubatizo. Alipoiona hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepumua. Alimwaga mafuta, akachukua majivu, mchanga na kipande cha neti, akaketi kwenye kigoda, akaanza kusugua bolti moja moja, kwa hasira ya kimya, ili azitoe kwenye maisha ya sufuria yake.

Nilikuwa nimesimama umbali wa usalama. Nikaona mkono umesimama. Akainua bolti moja kwenye mwanga, akaifuta kwa kidole gumba, akachukua nyingine.

"Papa Watoto, njoo. Hizi nukta ni za nini?"

Nikainama. Juu ya kichwa cha bolti, pembeni ya namba, palikuwa na vishimo vidogo vilivyopigwa kwa ncha ya chuma. Vitatu, vimepangwa upande mmoja. Masizi yote yale yalikuwa yamevifunika. Bolti nyingine ilikuwa na kimoja. Nyingine haina kitu. Nyingine tena vitatu. Mama Kufuli akamwita Sekretere na daftari, zikaanza kuandikwa: namba ya shimo, idadi ya nukta. Polepole alipofika akaishika ile ya kwanza, akaketi chini kabisa, mchangani.

Nukta zile zina maana yake, na alikuwa ameisahau tangu alipojifunzia kazi Goma. Katika vitabu vya mafundi vya injini kadhaa za Mitsubishi Fuso, kila bolti ya namna ile inapokazwa kwa kuzungushwa digrii, fundi anaipiga nukta moja kichwani. Ikifikisha nukta tatu haitumiki tena. Fundi fulani, miaka ile kabla gari halijawa letu, alikuwa mwaminifu, akapiga. Aliyemfuata akapiga. Mwingine baadaye akachanganya za zamani na mpya. Ndiyo maana upande mmoja wa kichwa ulikuwa unabanwa na mwingine unalegea, na ndiyo maana gasketi iliungua upande huo. Ukiniuliza ni nani ninayemheshimu zaidi katika habari hii yote, ni huyo fundi nisiyemjua aliyeinama na tindo yake ndogo akaandika ukweli mahali ambapo mnunuzi asingeutazama kamwe.

Mke wangu akaenda kwa mama yake na daftari.

"Mama, hizi zimekwisha. Zimehesabiwa."

Mama Barieri akazitazama nukta, akazigusa kwa ukucha. "Hii sasa ni hesabu," akasema. "Hesabu naielewa. Zinunuliwe."

Neno lile lile nililolisema kwenye moto, kwa sauti, kwa mifano, kwa megapaskali. Lilihitaji kutoka kwenye mdomo mwingine. Nawe unajua.

Pesa ikabidi itoke AVEC, maana yangu ilikuwa imegeuka mabati. Nikaitwa kikaoni kujieleza. Akina mama wameketi duara, kasha katikati, kufuli tatu. Nilikwenda na bolti mbili mkononi. Nilidhani wataniuliza nitarudisha lini na kwa riba gani, na waliuliza. Lakini kwanza mama mmoja anayeuza mawese na ndizi akauliza kitu kingine.

"Ikikatika njiani, tuko wapi sisi?"

Nikamwambia kweli. Mko juu ya magunia. Maana ndivyo tunavyosafiri huku. Mzigo chini, watu juu, mtoto mgongoni, mkono kwenye kamba. Yeye mwenyewe nimembeba mara nyingi. Kutoka Kalembe mpaka kwetu kuna madaraja ya magogo na miteremko ya udongo mwekundu, na moteri ndiyo inayomshikilia huyo mama pale juu kuliko breki. Hawakujadiliana sana. Funguo tatu zikatoka, na ule wa mke wangu ulitoka wa kwanza.

Mtandao wa simu kwetu uko juu ya kilima, tena mahali pamoja, karibu na mti. Nikapanda, nikampata Shemeji siku ya Jumamosi, tarehe 22 Mei. Gasketi alikuwa amekwisha nunua. Nikamwambia pesa ya bolti inatumwa kwa simu, Jumatatu aingie dukani kuzinunua. Akajibu unavyojua atakavyojibu.

Jioni ile volkano ya Nyiragongo ikapasuka.

Sisi Pinga tulisikia kwa redio. Lava ilishuka usiku, ikateketeza vijiji, ikasimama Buhene, ukingoni kabisa mwa Goma. Watu walikufa, maelfu ya nyumba zikaisha. Halafu ardhi ikaendelea kutetemeka siku baada ya siku, na tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi akaamuru sehemu kubwa ya mji ihamishwe, watu wakamiminika Sake, Rutshuru, Minova, wengine wakavuka Rwanda. Shemeji simu haikupatikana. Nilikuwa napanda kilima asubuhi na jioni. Mama Barieri hakula. Aliketi kwenye ngazi ya Fuso, mlango wazi, akitazama njia ya Kalembe, na hakuna aliyethubutu kumwambia aingie ndani. Yule mtoto wake anayesema hakuna shida ndiye mtoto wake wa mwisho wa kiume.

Walifika juu ya lori la mtu mwingine, wakiwa na vumbi mpaka kwenye kope: Shemeji, na shangazi wa mke wangu anayeishi Goma, na watoto wa shangazi, na wajukuu wa shangazi, na mbuzi, na godoro. Shangazi huyu tunamwita Tantine Okapi, jina la ile redio inayosikika tangu 2002, kwa sababu naye kabla jogoo hajawika habari za jimbo zote amekwisha zisoma. Mama Barieri alimshika mwanawe mashavu yote mawili, akamtazama, akamzaba kofi dogo, akalia. Akaagiza maji ya moto kwa watu wote.

Godoro ndilo lina habari. Tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipopasuka na lava kupita katikati ya mji, Tantine alikimbia na watoto tu. Nyumba iliungua na vyote vilivyomo, pamoja na godoro la ndoa. Aliapa kwamba mlima ukirudia, godoro halibaki. Mara hii akalifunga kwa kamba za katani, akalibeba kichwani mwendo wa Goma hadi Sake, kilomita zipatazo 25, katikati ya mafuriko ya watu. Shemeji alikuwa na gasketi. Gasketi ya kichwa haikunjwi. Ukiikunja mara moja, umeitupa. Akafikiri, akaibana katikati ya makatoni mawili, Tantine akafumua godoro upande mmoja, wakaiingiza ndani, akashona kwa sindano aliyoichomeka kwenye kilemba. Ilifika Pinga imenyooka, haina hata alama ya kucha.

Bolti hakuna. Duka lilikuwa limefungwa, mwenyewe amekimbia.

Tukakaa. Nyumba ya watu wa kawaida ikawa kambi. Watoto walilala ndani ya bodi ya Fuso chini ya turubai, na ikawa kitanda bora kuliko vyote. Mimi nililala kabini, miguu nje ya dirisha, kwa sababu kitanda changu kilipewa Tantine na godoro lake likawekwa juu ya langu. Mke wangu akapika kwenye ile sufuria kubwa, iliyosuguliwa kwa majivu na limao na kuchemshwa na kumwagwa. Bado Tantine aliuliza mbele ya watu kwa nini maharage yananukia taa. Macho yote yakanigeukia.

Na kwa vile tumetaja maharage. Mamlaka ziliporuhusu watu waanze kurudi Goma, tarehe 7 Juni, mfanyabiashara mmoja wa kwetu aliyekuwa kule akaingia dukani, akatuletea bolti. Mpya, zimefungwa kwenye karatasi ya mafuta, namba zimechongwa wazi, hakuna nukta. Nakuambia nilizinusa. Polepole akaiweka moja kando ya ile ya nukta tatu, vichwa sambamba kwenye ubao, akamwita Mama Barieri. Ya zamani ilikuwa ndefu. Kidogo, unene wa ukucha, lakini ndefu, na katikati imekonda. "Ulegevu ndio huo, Mama," akasema. Alikuwa ameihifadhi hoja ile kwa majuma.

Akaanza kusafisha mashimo ya bloku. Akaingiza waya, ukakwama. Akaingiza kwenye shimo la pili, ukakwama. Akavuta, akatazama ncha, akaniita bila kusema neno, kwa kidole tu.

Kila shimo lilikuwa na punje ya maharage. Mengine punje mbili. Maharage yalikuwa yamevimba kwa unyevu, mengine yameanza kutoa mzizi. Sumaku alikuwa amemfuata bibi yake shambani msimu ule, akafundishwa: shimo moja, punje moja, mbili kama udongo ni mzuri. Kwenye bloku ya moteri alikuta mashimo yamekwisha chimbwa, yamepangwa mistari. Akapanda.

Usidhani ni mchezo. Bolti ikikuta kitu chini ya shimo inafika mwisho kabla ya kubana. Spana itakuambia imekaza, kumbe inabana harage. Na shimo likiwa na maji au mafuta ni hatari zaidi, kwa sababu kimiminika hakishindiliki, nguvu inakwenda pembeni, bloku inapasuka. Tulichokoa siku nzima kwa sindano ya kufumia ya Tantine, tukapuliza kwa pampu ya baiskeli, tukakausha kwa kitambaa kilichozungushwa kwenye waya, Sekretere akiweka alama ya shimo lililopita. Mama Barieri alikusanya punje zote kwenye kiganja, akazihesabu, akampa mjukuu akazipande nyuma ya jiko. Hakumkaripia. Alisema mistari ilikuwa imenyooka.

Siku ya kufunga, spana ya kupimia nguvu ilikodishwa kwa mtu pale senta. Polepole alipaka nyuzi za bolti mafuta kidogo, kidogo sana, akaanzia katikati ya kichwa akielekea nje kwa kuzunguka, awamu ya kwanza nyepesi, ya pili nzito, ya mwisho kwa digrii. Sekretere alisoma namba kwa sauti. Ua mzima ulinyamaza, hata Tantine. Kila bolti ilipofika mwisho, Polepole alitaka kupiga nukta, na hapo Mama Kufuli akanyoosha mkono akaomba tindo na nyundo. Yeye ndiye aliyeziona, akasema, yeye ndiye atakayepiga. Akapiga, moja kwa kila kichwa, ulimi umebanwa kwenye pembe ya mdomo, na zote zimeelekea upande mmoja. Za zamani zenye nukta tatu nilitaka kuzizika. Nne ziko ukutani jikoni, zinaning'iniza vikaango. Nyingine ziko kwenye chukudu.

Fuso ikawaka. Moshi ukatoka mweupe kidogo, ukaisha. Tukaiacha iungurume mpaka rejeta ipate joto, Polepole mkono juu ya bomba la maji, na maji hayakusogea.

Asubuhi ya safari ya kwanza, akina mama wa AVEC walikuja na mawese, ndizi na magunia ya maharage, wakapanda juu. Tantine alikuwa anarudi kwake. Kabini ina nafasi ya dereva na watu wawili. Nilikuwa nimempangia yeye na mamamkwe wangu, anayekwenda kuona kwa macho yake duka lililouza bolti. Tantine akatazama mbingu, mawingu yalikuwa upande wa Kalembe, akasema godoro halikai juu kwenye mvua. Nikamweleza kuna turubai. Akanikumbusha gasketi ilisafiri ndani ya nini. Mama Barieri akasema ni haki ya godoro.

Likaingia kabini, limesimama, kati ya usukani na wao wawili. Shemeji akapanda juu na wanawake. Kila nikitaka kubadilisha gia namwomba Tantine avute godoro kidogo, na Tantine anamwomba Mama, na Mama anauliza ni gia ya ngapi.

"Ya pili, Mama."

"Basi pita."